Siku moja maishani mwangu: viwavi kwenye michungwa ya Muheza

Saa 12 asubuhi
Siku inaanza na kiroba, bomba la kupulizia dawa baadaye. Napita chini ya kila mchungwa nikiokota machungwa yaliyodondoka, kisha nachuma yaliyogeuka rangi kabla ya wenzake, na yale ya msimu uliopita yaliyosahaulika juu ya mti. Hii ndiyo kazi yenye faida kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi. Nondo, mdudu anayefanana na kipepeo na ndiye mzazi wa kiwavi huyu, hutaga juu ya ganda. Kiwavi akishatoboa na kuzama ndani, hakuna dawa ya kupuliza itakayomfikia. Tunda hudondoka, yeye akikomaa hutoka, hujichimbia kwenye udongo wa juu na kurudi akiwa nondo. Kwa hiyo tunaokota mara mbili kwa wiki, kabla hajatoka.

Saa 2
Napasua machungwa kumi kumjua adui. Kiwavi wa nondo mara nyingi ni mmoja kwa tunda: ana kichwa cha kahawia, ana miguu, na akikomaa mwili huwa wa waridi. Kwenye tundu lake kuna chengachenga za kinyesi. Ukikuta funza weupe wengi, wasio na miguu, wanaorukaruka kiganjani, hao ni wa nzi wa matunda. Ukiwachanganya utanunua mtego usio wake.

Yote yanaingia shimoni, na juu ya chungwa la mwisho kunawekwa udongo wa sentimita 50 ulioshindiliwa. Kuyamwaga mpakani mwa shamba ni kuwahamisha nondo hatua ishirini tu. Pasipochimbika, yafunge kwenye mifuko myeusi ya plastiki isiyotoboka na uiache juani wiki mbili.

Saa 4
Miche na miti michanga. Hapa mharibifu ni mwingine, mtoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Yai ni moja moja, duara, la manjano hafifu, kwenye majani machanga. Kiwavi mdogo anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, na ndiyo maana macho mengi humpita. Akikua anakuwa kijani. Mguse: nyuma ya kichwa huchomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Wachache wanaweza kuumaliza mche mdogo, lakini mti mkubwa huwavumilia, kwa hiyo huko siwagusi. Kwenye miche natumia vidole na kopo la maji ya sabuni, nikigeuza kila jani la chipukizi.

Saa 5
Majimoto, wale sisimizi wakali wanaojenga viota kwa majani mtini. Siungi kwa kamba miti yenye makundi mawili tofauti, maana watauana. Naunganisha ya kundi moja tu, wapite juu bila kushuka ardhini wanakoshambuliwa na sisimizi wadogo wa kahawia. Wana kasoro: hufuga vidugamba, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, na majani yakapata ukungu mweusi kama masizi. Bado nawataka, kwa sababu huwinda viwavi mchana kutwa.

Saa 8
Mwarobaini ulilowekwa tangu jana jioni: gramu 500 za kiini cha mbegu kilichotwangwa kwa lita 10 za maji, yaani gramu 800 kwa bomba la lita 16. Mbegu zianikwe kivulini, zilizoota ukungu zitupwe. Chuja mara mbili kwa kitambaa, weka kijiko kimoja cha sabuni ya maji ili ishike kwenye jani.

Saa 11 jioni
Sasa ndipo bomba linabebwa. Jua huivunja dawa hii upesi, ndiyo sababu mchana hatupulizi. Napuliza miche tu, chini na juu ya jani, na mti wenye majimoto naupita. Viwavi wakiwa wengi na bado wadogo, badala ya mwarobaini naweka dawa ya bakteria ya Bt (Bacillus thuringiensis) kwa kipimo cha kwenye pakiti. Lazima wale jani lililopulizwa. Huacha kula ndani ya saa chache, ila kufa ni baada ya siku mbili tatu. Wengi wakiwaona hai kesho yake huongeza kipimo, wakapoteza pesa bure.

Saa 12:30
Bomba linaoshwa, pua inafunguliwa na kusuguliwa kwa mswaki. Chenga za mwarobaini zikikaukia humo, kesho haitoi ukungu, inatoa mchirizi.