Jinsi ya Kuripoti Hitilafu ya Programu Ikaeleweka

"Programu yenu haifanyi kazi." Ujumbe wa namna hii hunifikia karibu kila wiki, kwa kuwa ninatunza programu ndogo ya mauzo na stoo inayotumiwa na wenye maduka ya rejareja. Anayeuandika ana haki ya kukasirika, maana wateja wamesimama mbele yake wakisubiri risiti. Lakini mimi sina pa kuanzia, kwani kwenye simu yangu programu hiyohiyo inafunguka bila tatizo lolote. Siwezi kurekebisha hitilafu ambayo sijaiona ikitokea, na taarifa inanifaa kwa kadiri inavyoniwezesha kuisababisha tena mwenyewe.

Taarifa bora kuliko zote nilizowahi kupokea ilitoka kwa mama mmoja mwenye duka, ambaye hakuwahi kusomea kompyuta. Aliandika hivi: "Nimefungua ukurasa wa mauzo, nikachagua sukari, nikaandika kilo 0,5, nikabonyeza Hifadhi. Stoo ilipaswa kupungua nusu kilo, lakini imepungua kilo 5. Nikiandika 0.5 kwa nukta, hesabu inakuja sawa." Ameeleza alichofanya kwa mfuatano wake, alichotarajia na alichokiona. Sentensi ya mwisho ndiyo iliyoniokolea siku nzima ya kazi, kwa sababu ilinionyesha kwamba programu ilikuwa ikiuruka mkato na kusoma 05, yaani 5.

Mlinganishe na mteja mwingine aliyeniarifu kwamba programu inafuta namba za simu za wateja wake. Nilipekua hifadhidata kwa saa kadhaa, nikakuta namba zote zipo salama. Kumbe alikuwa amepakua orodha na kuifungua kwenye lahajedwali, yaani programu ya majedwali kama Excel, nayo ikazichukulia namba hizo kuwa tarakimu za kawaida na kuondoa sifuri ya mwanzo. Alichokiona kilikuwa kweli. Kilichonipoteza ni hitimisho lake, aliloliandika mahali pa alichokiona. Dhana ya mtumiaji naikaribisha, mradi iandikwe kando na itajwe kuwa ni dhana.

Suala la saa linatuhusu sisi hasa. Mtu akiniandikia kwamba hitilafu ilitokea "saa 3", ninaweza kuitafuta kwenye kumbukumbu za seva (kompyuta kuu inayoendesha programu) palipoandikwa 03:00 na nisikute kitu. Saa tatu asubuhi ya Afrika Mashariki ni 09:00, na kwa kuwa seva yetu, kama seva nyingi, huandika saa za UTC, yaani saa ya kimataifa ya marejeo, zilizo nyuma yetu kwa saa 3, tukio hilo limehifadhiwa kama 06:00. Inatosha kuandika "saa tatu asubuhi, Jumanne", na hesabu iliyobaki ni kazi yangu.

Taja pia toleo la programu, aina ya simu na toleo la mfumo wake. "Toleo jipya" halinisaidii, kwani la jana lilikuwa jipya pia. Maneno ya onyo lililojitokeza yanakiliwe kama yalivyo, na picha ya skrini, ikiwepo, ifichwe salio na majina ya wateja. Nywila haihitajiki kamwe. Hitilafu mbili ziandikwe katika taarifa mbili, la sivyo moja ikitengenezwa nyingine husahaulika. Ikiwa hitilafu hutokea mara moja moja tu, sema hivyo waziwazi, pamoja na hali ya mtandao wakati huo.

Nikishatoa toleo lililorekebishwa, humwomba aliyeripoti arudie hatua zake zilezile kwenye simu yake kabla sijalifunga suala. Mama wa sukari alijaribu 0,5, akajaribu 0,25, kisha akaandika mkato mara mbili kwa makusudi, na jioni hiyohiyo nikapokea taarifa yake ya pili.