"Pole" si "samahani": mteja anavyolisoma jibu lako

Mteja amenunua umeme wa shilingi 10,000 kwa simu. Hela imekatwa, tokeni haijaja, nyumba ina giza na kwenye friji kuna samaki. Anaandika kwenye WhatsApp ya huduma kwa wateja: "MBONA TOKENI HAIJAJA NIMEKATWA HELA TANGU SAA 2". Anajibiwa: "Pole sana ndugu mteja. Tafadhali tuma kumbukumbu namba ya muamala." Ujumbe unaofuata ni matusi.

Mhudumu ataapa kwamba alikuwa mstaarabu: kasema pole, kasema ndugu, kasema tafadhali. Mteja naye ataapa kwamba ameambiwa "shauri yako". Wote wanasema kweli, na ugomvi umekaa ndani ya maneno hayo hayo matatu.

Tuanze na "pole", maana ndilo linaloharibu zaidi. Pole tunampa mgonjwa, mfiwa, mtu aliyetoka safari, aliyejikwaa mbele yetu. Anayeitoa yuko pembeni ya tukio. Aliyesababisha husema samahani. Mkanyage mtu kwenye daladala umwambie "pole", atataka kujua ni nani basi aliyemkanyaga. Ndivyo mteja anavyoisoma pole ya kampuni iliyokata hela yake: hawa wanajitoa. Ikiwa tatizo ni la mfumo wenu, andika "samahani" na utaje kilichotokea: "Samahani, hela imekatwa lakini tokeni haijatoka." Wakubwa ofisini huogopa neno hilo wakidhani ni kukiri kesi. Mimi naona hofu hiyo haina msingi, kwa sababu ulichotaja tayari kipo kwenye rekodi ya muamala na mteja anacho kwenye simu yake. Ikiwa chanzo hakijajulikana, "pole kwa usumbufu" inapita, mradi ifuatwe papo hapo na kitendo: "naangalia muamala wako sasa hivi". Na mteja akiwa ndiye aliyekosea, hapo pole iko mahali pake kabisa.

"Ndugu mteja" ni lugha ya tangazo. Jina lake mara nyingi liko juu ya skrini, litumie. Usibahatishe "dada" au "kaka" kwa kuangalia picha, kwani picha inaweza kuwa ya mtoto wake, na majina kama Furaha au Amani hubebwa na wote. Vitenzi vya Kiswahili havitaji jinsia, kwa hiyo jina tupu na "naomba" vinatosha. "Bosi" na "mkuu" ni vya siku njema. Aliyekatwa hela husikia dhihaka.

"Tafadhali" ina sura mbili. Ni neno la adabu, na pia ndilo mtu hutumia kuonya: "Tafadhali sana, usinijaribu." Kwa mdomo, sauti inatofautisha. Kwenye maandishi, mwenye hasira huchagua sura iliyo mbaya. Zaidi ya hapo, "tafadhali tuma" bado ni amri. "Naomba unitumie" ni ombi, na ile "ni" katikati inaonyesha kuna mtu upande wa pili anayepokea. Wanaohudumia Kenya na Tanzania kutoka ofisi moja waandike majibu ya kila nchi peke yake. "Nipe namba ya simu" ni mazungumzo ya kawaida Nairobi. Dar es Salaam husikika kama karani aliyechoka.

Kuna jaribio la watafiti wa Marekani, Justin Kruger na Nicholas Epley pamoja na wenzao, lililochapishwa mwaka 2005. Watu waliandika barua pepe, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, wakakadiria kwamba wasomaji wangetambua ipi ni ipi kwa asilimia 78. Waliosoma walipatia asilimia 56, karibu sawa na kurusha shilingi. Mwandishi husikia sauti yake kichwani anapoandika, na sauti hiyo haisafiri na herufi. Kwa hiyo "lakini nilikuwa najibu kwa upole" si hoja.

Sasa nafsi ya kitenzi. "Umekosea namba ya mita." Hiyo "u" ni kidole cha shahada. Kiswahili kina njia ya kukishusha bila kusema uongo: "Namba ya mita iliyoandikwa ina tarakimu 10, zinatakiwa 11." Mteja anahesabu mwenyewe, anaona moja imepungua, anaituma. Vivyo hivyo na tokeni ya luku iliyokataliwa: tarakimu ni 20, mwombe aisome kwa mafungu ya 4. "Mbona hukutuma risiti?" geuza iwe "Risiti bado haijanifikia." Na "kama nilivyokueleza" ifute kabisa. Kama alishaelezwa na hakuelewa, mueleze upya kwa maneno mengine.

Jibu linalowasha moto kuliko yote ni "hatuoni muamala wowote". Turudi kwa mteja wetu. Kaandika saa 2. Mfumo umesajili 20:04. Mhudumu kafungua orodha ya 02:00, kisha 14:00, hakuona kitu, akaandika hivyo. Mteja kasoma: wewe ni mwongo. Kabla ya kuandika hujaona, tafuta kwa namba ya simu na kiasi, siyo kwa saa. Ukipata, andika kwa namna zote mbili: "saa 2:04 usiku, yaani 20:04". Usipopata kweli, sema umetafuta wapi: "Nimetafuta kwa namba inayoishia 47, tangu jana hadi sasa. Je, ulilipa kwa laini nyingine?"

Ahadi za muda nazo zina mtego huo huo. "Tutakujibu kabla ya saa 4" inahitaji asubuhi au usiku. "Siku 3 za kazi" kwa aliyelalamika Alhamisi ni Jumanne, lakini yeye anahesabu Jumapili, na Jumapili jioni atarudi akiwa amejiandaa kupigana. Taja siku na tarehe. "Linafanyiwa kazi" limechakaa kiasi kwamba watu hulisoma kama kufukuzwa, weka mtendaji na kitendo: "Nimepeleka kwa watu wa malipo, nitakuandikia saa 3 usiku hata kama hawajajibu."

Hapo kwenye kuandika tena kuna jambo la kiufundi. Kampuni inayotumia WhatsApp kupitia mfumo wa API, yaani WhatsApp iliyounganishwa na programu ya kampuni yenyewe, ina saa 24 tangu ujumbe wa mwisho wa mteja kumwandikia kwa uhuru. Zikipita, inaruhusiwa kutuma tu ujumbe wa kiolezo ulioidhinishwa kabla. Ndiyo maana mteja aliyekuwa akiongea na mtu mwenye jina, kesho yake hupata "Ndugu mteja, tunapenda kukujulisha" na kudhani kesi imeanza upya. Andika kabla saa hizo 24 hazijaisha, na uandae kiolezo chenye nafasi ya jina, kiasi na tarehe.

SMS ina lake. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Ukiweka emoji moja tu, uwezo unashuka hadi 70 na ujumbe unakatwa vipande. Vikitengana njiani, mteja hupokea kwanza "hela yako haitarudi" na "kabla ya kesho mchana" ikachelewa. Sentensi ya kukanusha iwe fupi na ikae mwanzoni, na emoji ziache.

Kwenye kurasa za wazi, "njoo inbox" chini ya kila lalamiko huonekana kama kuficha uchafu. Vilevile matapeli hutumia maneno hayo hayo wakijifanya huduma kwa wateja. Jibu hadharani kwanza lile lisilo siri, kisha sema kwa nini unamwita pembeni: namba yake ya simu haipaswi kuonwa na wote. Ongeza kwamba hutamwomba namba ya siri.

Yule mteja wa samaki angejibiwa hivi: "Samahani. Naona 10,000 imekatwa saa 2:04 usiku na tokeni haijatoka. Naomba unitumie namba ya mita, tarakimu 11. Nikishaipata naiomba tokeni upya, na saa 3 kamili usiku nakuandikia imefikia wapi." Na saa 3 kamili aandikiwe, tokeni iwe imetoka au haijatoka.