Mwanangu si mvivu wa kusema

Jumapili asubuhi tulikuwa barazani kwa mamangu, Kibokoni, tunakula mahamri kwa mbaazi. Mwanangu, wa miaka sita, akataka kitumbua. "Titumbua." Akasita, taya likicheza. "Bimutua." Mara ya tatu akaonyesha kwa kidole. Neno analijua vizuri sana. Midomo ndiyo inayokataa kuzifuatanisha sauti.

Jirani akarudia yale niliyoyasikia kwa miaka minne: eti siongei naye vya kutosha, eti Kiswahili cha nyumbani, Kiingereza cha shule na Kiarabu cha chuoni vimemchanganya. Lugha nyingi hazimpi mtoto taabu hii ya kutamka. Mombasa nzima imelelewa hivyo. Na mwalimu mmoja aliwahi kumwita mvivu mbele ya wenzake. Hilo linanichoma hadi leo.

Ndiyo maana naishikilia habari ya familia moja ya London, ambayo watafiti huiita KE. Katika vizazi vitatu, karibu nusu yao walikuwa na taabu ya kupanga midomo na ulimi wanapotamka, na sarufi pia iliwapa shida. Mwaka 2001 ikajulikana kwamba wote hao wana badiliko la herufi moja tu katika jeni, yaani agizo la urithi lililoandikwa ndani ya seli, iitwayo FOXP2, kwenye kromosomu ya 7. Herufi moja! Nani atamwita mtu mvivu kwa hilo?

Wengine wakakimbilia kuiita jeni ya lugha. Siafiki. Kazi yake ni kuwasha na kuzima jeni nyingine, na hata panya na ndege wanayo. Kinda wa ndege waimbao ikipunguzwa ubongoni mwake, huuiga wimbo wa mkubwa wake kwa makosa. Badiliko lenyewe ni nadra, nami sidai kwamba mwanangu analo. Watoto wengi wenye taabu ya lugha hurithi vijisababu vingi vidogo vidogo. Kwetu, ami yangu naye alichelewa kusema.

Kila jioni tunakaa mbele ya kioo, kama alivyotufundisha mtaalamu wa matamshi: pa-ta-ka, pa-ta-ka, polepole, mkono wangu kidevuni mwake. Maneno yenyewe hayamo katika damu. Hayo anayachota kwa bibi yake, asemaye "mato" kwa macho, "tini" kwa chini na "ndoo" kwa njoo.

Siku ile, sahani zilipoondolewa, alimshika bibi yake mkono, akavuta pumzi, akasema bila kukwama: "Bibi, ndoo."