Phantom ya 1/72: kahawia ya 30219 imekubali

Hatimaye kahawia ya modeli yangu ya plastiki ya ndege ya kivita F-4 Phantom, iliyopunguzwa mara 72, imekaa sawa, dirishani na chini ya taa. Mabaka ya F-4E ya enzi za Vietnam yana rangi tatu juu, lakini vijani viwili, 34102 na 34079 (namba za FS, orodha ya rangi ya serikali ya Marekani), havikunisumbua: rangi za Mr. Color 303 na 309 zinatoka kwenye chupa zikiwa tayari. Shida yote ilikuwa 30219. Ikizidi wekundu kidogo inakuwa waridi, ikipungukiwa inakuwa tope.

Kipimo cha kulinganishia ni rangi ya Humbrol 118, iliyopakwa kwenye kipande cha plastiki juu ya praima ileile ya kijivu iliyo kwenye ndege, ikakauka, ikapigwa vanishi ya mati (isiyong'aa). Rangi mbichi hailinganishwi na kavu, wala yenye mng'ao na isiyo nao. Tarakimu ya kwanza ya FS inahusu mng'ao tu, kwa hiyo 10219 na 30219 ni rangi moja, ila ukiziweka pamoja utaapa kwamba mati imetiwa nyeupe.

Mchanganyiko wa kwanza, wa rangi za Tamiya, ulikuwa XF-2 (nyeupe), XF-3 (njano), XF-7 (nyekundu) na tone la XF-1 (nyeusi). Dirishani ulikuwa pacha wa kipimo. Usiku, chini ya taa ya LED ya bei rahisi, ukageuka kijivu huku kipimo kikibaki kahawia. Rangi mbili zinaweza kulingana kwenye mwanga mmoja ilhali unga wa rangi uliomo ndani yake ni tofauti. Taa nyingi za bei chee ni haba kwenye wekundu mzito, na mchanganyiko unaoegemea nyekundu tupu ndio unaoumbuka. Kuongeza nyekundu kunatibu usiku na kuharibu mchana. Bora kuanza na rangi ambazo tayari ni za udongo: XF-52 (ya udongo) sehemu 6, XF-57 (hudhurungi hafifu) sehemu 3, XF-64 (kahawia nyekundu) sehemu 1. Huo haukuyumba kwenye taa yoyote.

Ukafika kwenye ndege, katikati ya vijani, ukawa waridi tena! Hapa ndipo watu hurudi kuchanganya upya bure. Kijani kikizunguka kahawia, jicho huisukuma kahawia kwenye wekundu. Rangi yenyewe haijabadilika. Kata kadi ya kijivu, toboa matundu mawili ya milimita 5, moja juu ya baka, jingine juu ya kipimo. Yakilingana kupitia matundu, weka chupa chini, kazi imekwisha. Au paka kipimo chako na vijani pembeni tangu mwanzo, jambo ambalo nadhani lingefaa kuwa kawaida.

Kwa skeli hii rangi inahitaji kupauka kidogo. Usitie nyeupe, inaleta uchokaa na ule uwaridi tulioukimbia. Ongeza XF-57, sehemu 1 kwa kila 10 za mchanganyiko, basi.

Kuhusu vifaa: bomba la sindano la mililita 1 kutoka duka la dawa, bila sindano yenyewe, linashinda kuhesabu matone, maana tone la rangi nzito ni kubwa kuliko la rangi nyepesi na uwiano unahama bila wewe kujua. Programu za simu za kusoma rangi sizitaki hata kuzisikia. Kamera hujirekebishia weupe yenyewe, kwa hiyo kahawia ileile inapewa namba mpya kila ukisogea. Thina ya magari ya Kariakoo ni nzuri sana kwa kuoshea brashi ya hewa, lakini isikaribie plastiki: inayeyusha mistari ya paneli.

Hewa ya Dar nayo ina neno. Wakati wa masika, vanishi ya thina kali hukauka na ukungu mweupe, kwa sababu thina ikiruka haraka inapoza uso na unyevu unaganda juu yake. Kahawia huonekana imepauka, na mtu anaanza tena kulaumu mchanganyiko. Piga saa nane mchana, unyevu ukiwa umeshuka, si alfajiri. Tia kichelewesha ukaukaji asilimia 5 hadi 10, piga tabaka nyembamba, na mwaga maji ya tangi la kompresa kabla ya kuanza.

Tumbo lilipangwa kuwa kijivu 36622. Mpango huo nimeufuta. Kahawia ikishakubali hivi, ni heri mtindo wa mwishoni mwa miaka ya 1970, mabaka yanapozunguka ndege nzima hadi chini. Maana yake kahawia inahitajika karibu mara mbili, na ichanganywe yote kwa pamoja kwenye chupa moja, kwa sababu kurudia uwiano ule baada ya wiki hakuleti rangi ileile kabisa. Mashimo ya magurudumu yanabaki meupe, kwa hiyo kabla ya kupiga tumbo yanazibwa kwa sponji lililoloweshwa na kukamuliwa. Vipande vya tepu kwenye kona zile huacha mianya.