Dakika Tano Bila Mashine

Jana alfajiri nilitoka Kizimkazi, kusini mwa Unguja, na mjomba. Yeye huchukua watalii kwenda kutazama pomboo, na siku hizi namsumbua kwa ombi moja: anizimie mashine dakika tano nishushe maikrofoni ya majini niliyoazima.

Kwanza nilisikia mchakacho, kama vitunguu vinavyokaangwa. Ni kamba wadogo wa mwambani wanaofyatua magando yao. Kisha, juu ya mchakacho ule, ukaja mluzi. Ukapanda, ukashuka, ukapanda tena vilevile. Mwili ulinisisimka.

Pomboo wa jamii ile, wanaoitwa pua-chupa, kila mmoja ana mluzi wake, anaojitungia akiwa bado mchanga. Tangu miaka ya 1960, Melba na David Caldwell walipoueleza kule Marekani, watafiti wameufuatilia. Mwaka 2013 wenzao wa Scotland walionyesha kwamba pomboo akisikia mluzi wake mwenyewe ukiigwa, huitikia. Mimi naliita hilo jina. Lakini kilichonigusa zaidi ni kazi ya Sarasota, Florida, iliyotoka mwaka 2023: pomboo mama 19 walirekodiwa, na kila mmoja, akiwa na mwanawe, alipandisha sauti ya mluzi wake juu zaidi. Nilimkumbuka mama yangu mdogo, ambaye sauti yake nzito huwa nyembamba ghafla akipakata mtoto.

Si pomboo wote wanaopiga mluzi. Pomboo wa Hector wa New Zealand hawapigi kabisa. Wao ni mipigo tu, sauti fupifupi za kutafutia mawindo, kali kupita uwezo wa sikio letu. Hapa kwetu wapo pia pomboo wenye nundu, wanaopenda maji ya karibu na ufuo. Wiki iliyopita niliwarekodi mara moja, nikapata sauti kama ukucha unaopita kwenye meno ya kitana. Rekodi moja haitoshi kuwahukumu. Nataka niwasikilize kaskazi yote na kusi yote, ingawa kusi ikichafuka bahari yenyewe hufunika kila kitu. Nadhani msimu hubadilisha sauti zao kwa sababu hubadilisha riziki: samaki wakihama, huenda mipigo ya kuwawinda nayo huhama.

Mjomba alikuwa akivua dagaa kwa karabai zamani. Anasema usiku pomboo walikuwa hawakamatiki kwa kelele. Akilaza sikio kwenye mbao za chombo aliwasikia. Namwamini. Wapo pomboo, kama wale wanaoruka wakijizungusha, ambao huwinda usiku viumbe wanaopanda kutoka kilindini, na mchana huingia kwenye maji mafupi kupumzika, kimya.

Na sisi tunawaendea mchana. Utafiti uliofanywa kusini mwa Unguja uliona kwamba boti za watalii zinawapunguzia pomboo muda wa kupumzika. Nimeandika hili nikijua chakula cha nyumba yetu kinatoka kwenye boti hizo.

Dakika ya nne ilifika boti nyingine, kisha ya pili. Katika rekodi yangu, kuanzia hapo ni muungurumo. Mluzi upo mara mbili chini yake, halafu hausikiki tena.

Jioni nilimvalisha mjomba spika za masikioni. Alisikiliza hadi mwisho, macho chini.

"Mwanangu, huyu anayerudia rudia, ndiye mama?"

Sikuweza kumjibu. Kesho tunatoka saa kumi usiku, kabla boti hazijashuka.