Alhamisi ya mlezi wa gazeti la ukutani

Gazeti letu hutoka Alhamisi, kila baada ya wiki mbili. Ijumaa haifai: mchana kuna swala, jioni watu wameshaanza kufua. Jumatatu ni siku ya majaribio. Ni karatasi nne za manila zinazobandikwa barazani mbele ya maktaba, zimeandikwa kwa mkono na wanafunzi tisa wa shule ya sekondari ya bweni. Kidato cha nne hawamo: Novemba ina mtihani wa taifa, na gazeti halina ubavu wa kushindana nao. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa klabu ya habari. Hii ndiyo siku ya kutoa gazeti, saa kwa saa.

Saa 12:15 asubuhi

Habari kubwa ya toleo hili ni maji ya bweni la wavulana. Wanafunzi wanalalamika kuwa hayatoshi. Mtu wa stoo anasema tenki ni la lita 5,000 na wanaolala humo ni 120, hivyo kila mmoja ana lita 41 na ushee, wanalalamikia nini? Wote wanasema kweli, na hapo ndipo waandishi wachanga hukwama. Huchagua upande mmoja wakauandikia wimbo.

Njia ni kupima maji yanayoingia tenkini, maana ukubwa wa tenki hauelezi chochote kama halijai. Vifaa ni ndoo, saa ya mkononi na daftari. Ndoo inayouzwa kama ya lita 20 haiaminiki hadi ihakikiwe: mimina chupa ya lita moja mara ishirini, kisha weka alama kwa msumari pale maji yalipofika. Kinga ndoo chini ya bomba linaloingiza maji, hesabu dakika. Pima saa tofauti, kwa sababu msukumo wa maji hubadilika. Vipimo viwili vilichukuliwa jana, cha saa za chai (dakika 4) na cha mchana (dakika 3). Cha leo asubuhi, wakati jikoni wanachota, ni dakika 5.

Simu haziruhusiwi kwa wanafunzi, na kwa kazi hii sizitamani. Anayeandika kwa mkono hulazimika kumwomba msemaji arudie, na mtu akirudia hujirekebisha mwenyewe.

Saa 1:30 asubuhi

Paredi. Mwandishi wa zamu anaandika yaliyotangazwa, lakini kwa kumbukumbu tu. Tangazo la paredini kila mtu amelisikia. Likibandikwa jioni ni kupoteza manila. Habari huanza pale unapouliza swali ambalo tangazo limeliruka: ada ya mtihani wa majaribio imepanda, kwa sababu gani, na nani ameamua?

Saa 2:00 hadi 4:40

Vipindi vinne vya dakika 40. Hakuna anayetoka darasani kwa sababu ya gazeti, hata kama mkuu wa wilaya amepita getini. Sharti hili halina ruhusa maalumu. Walimu wenzangu waliikubali klabu kwa sharti hilo, na siku nitakapomtoa mwanafunzi mmoja kwenye kipindi cha Baiolojia, klabu itakuwa imekufa ingawa manila zitaendelea kubandikwa.

Saa 4:40

Chai, na kikao cha habari cha dakika ishirini. Wote wamesimama, wakikaa, kikao kitakula muda wa chai wote. Kila mwandishi anajibu maswali matatu: una nini, nani kakwambia, nani mwingine amethibitisha. Asiye na jibu la tatu habari yake inasubiri toleo lijalo.

Leo ubishi ni wa hesabu. Aliyepima maji amejumlisha dakika 5, 4 na 3, akagawa kwa tatu, akapata 4. Ndoo ya lita 20 kwa dakika 4 ni lita 5 kwa dakika. Maji hufunguliwa saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana, yaani saa nane, dakika 480. Jibu lake: lita 2,400. Msichana wa kidato cha tatu anamkatalia. Kama tunachukulia kila kipimo kinawakilisha muda ulio sawa, cha kutafutia wastani ni lita kwa dakika, si dakika kwa ndoo. Lita 4, lita 5, lita 6.67, wastani ni kama 5.2, na kwa dakika 480 ni takriban lita 2,500. Ukigawa kwa watu 120, kila mmoja ana kama lita 21. Ni ndoo moja na kikombe cha kusukutulia, kwa kuoga, kufua na choo, na tenki la lita 5,000 hujaa nusu tu.

Tofauti ya lita 100 haigeuzi habari, lakini msichana yuko sahihi na gazeti litaandika 2,500. Nimefundishwa wastani na kuufundisha kwa njia nyingi. Sijaona inayoshika kama hii, ambapo hesabu ikikosewa majirani zako wa bweni watakucheka kwa wiki mbili. Fizikia na Hisabati hufundishwa kwa Kiingereza, gazeti ni la Kiswahili. Mwanafunzi anayeweza kumweleza mpishi kwa nini tenki halijai ameelewa somo. Aliyekariri fomyula atagundua hapo hapo kuwa hajaelewa.

Saa 5:10

Kipindi changu cha wazi, nahariri. Maneno mawili hayapiti: "inasemekana" na "imeelezwa". Na nani? Kama msemaji yupo, atajwe kwa cheo chake. Kama hayupo, sentensi ifutwe. Mengine ni ya kawaida kwa mwanafunzi wa Kiswahili: r na l kubadilishana nafasi, h kudondoka, sentensi yenye "ambapo" tatu, na aya ya kwanza inayoanza na historia ya maji tangu kuumbwa kwa dunia. Aya hiyo naikata mara zote. Habari ya maneno 400 lazima ibaki na 220, na anayeikata ni mwandishi mwenyewe. Mimi naweka alama tu pembeni. Huko ndiko kufanya ufupisho, swali lile lile linalowatoa jasho kwenye mtihani wa Kiswahili.

Kisha majina. Waandishi na wengi wa wanaoandikwa wana umri chini ya miaka 18, na kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 hao ni watoto. Aliyeadhibiwa hatajwi. Aliyeugua hatajwi, wala haelezwi kwa namna ambayo darasa lake litamtambua. "Mwanafunzi mmoja mrefu wa 2B anayetoka Kigoma" ni jina kamili kwa watu wa 2B. Aliyeshinda mbio anatajwa, akikubali.

Kuhusu kashfa huwa nawapa mfano wa mwalimu mwenzetu. Mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa kwa aliyoyaandika katika Sauti ya TANU, jarida la chama chake cha kudai uhuru, kuhusu wakuu wa wilaya wa kikoloni, akatiwa hatiani, akatozwa faini ya Sh 3,000 au kifungo cha miezi sita. Alilipa. Wanafunzi hupenda sehemu ya ushujaa. Mimi huwarudisha kwenye sehemu ya ushahidi. Kujua jambo ni la kweli na kuweza kulithibitisha mbele ya mwingine ni kazi mbili, na ya pili ndiyo ya mwandishi.

Saa 7:50 mchana

Ugali, maharage, na majibu ya ofisini. Makamu mkuu wa shule alipelekewa maswali tangu juzi, kwa maandishi, yasiyozidi matatu, na takwimu tulizokuwa nazo. Kumvizia kiongozi koridoni na swali asilolijua huzaa jibu la hasira, na jibu la hasira halina taarifa. Amejibu kuwa bomba la bweni na la jikoni yako kwenye mstari mmoja wa nusu inchi. Jikoni wakifungua, bwenini hupungua. Hii inaeleza kwa nini kipimo cha asubuhi kilikuwa kibaya zaidi. Jibu lake linaingia aya ya tatu, halisukumwi mwisho. Mtu aliyelaumiwa akiwekwa mwishoni, nusu ya wasomaji watakuwa wameshaondoka.

Saa 8:45

Kuandika manila, na lazima iwe sasa. Umeme ukikatika jioni, hakuna gazeti.

Kila karatasi hupigwa mistari ya penseli kwa rula ya mita moja, sentimita mbili kati ya mstari na mstari, safu mbili, na ukingo wa sentimita tano pande zote. Herufi ziwe na urefu wa sentimita moja: msomaji aliye hatua mbili nyuma anaona. Kwa mpangilio huu, ukiacha kichwa cha habari na mchoro mmoja, manila moja hubeba maneno 200 hadi 250. Wanaoandika ni wawili wenye mwandiko mzuri, na mara nyingi si wao walioandika habari. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaandika, wa tatu anafuata kwa kidole kwenye nakala iliyohaririwa. Bila huyo wa tatu, mstari mzima huruka, hasa pale mistari miwili inapoanza na neno moja.

Yanayoharibika: maka nene hupenya hadi karatasi ya chini, kwa hiyo weka gazeti kuukuu katikati. Rangi nyekundu hupauka haraka juani. Iwe ya vichwa tu, habari yenyewe iwe nyeusi au bluu. Kosa la neno moja hufunikwa kwa kipande cha manila ya rangi ile ile kilichokatwa kwa rula. Kosa la tarakimu katika habari kuu, andika karatasi upya, hata kama watu wamechoka. Gundi ya uji wa ngano ni ya bure lakini huita mende na panya. Gundi ya dukani hutosha ikipakwa ukingoni tu, maana ikipakwa katikati karatasi hujikunja. Ubaoni tumia pini nane kwa kila manila, nne za kwenye pembe na nne za katikati ya kila upande. Kwa pini nne peke yake, unyevu wa usiku huifanya ijiviringe kama mkeka.

Saa 10:45 jioni

Makamu anasoma, anatia sahihi. Kuna walimu wanaoona sahihi hii ni udhibiti, na wakati mwingine ni hivyo kweli. Msimamo wangu ni kwamba akitaka kitu kiondolewe aseme sababu, na sababu iandikwe kwenye daftari la klabu pamoja na tarehe. Maombi mengi hupungua hapo. Kosa la ukweli tunalirekebisha papo hapo. "Litatuaibisha mbele ya wageni" tunalijadili.

Saa 11:00

Gazeti liko ukutani. Mwandishi mmoja husimama mbali kidogo na kuangalia: wanasimama wapi, wanaruka nini, wanabishania mstari upi. Matokeo ya mpira husomwa kwanza, kwa hiyo yako manila ya nne, ili msomaji apite mbele ya maji kabla hajayafikia. Wapo wanaoliona gazeti la wanafunzi kuwa jambo la kitoto. Lakini magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili yametokana na shule: Msimulizi lilitoka mwaka 1888 Kiungani, Unguja, kwenye shule ya UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza.

Saa 1:30 usiku

Prepo, yaani kujisomea usiku. Klabu haina kikao usiku, na mwenye gazeti kichwani afungue daftari la Jiografia. Hapa ndipo nakagua alama. Katika shule yetu, mwandishi aliyeshuka chini ya 45, yaani chini ya C, katika masomo mawili hupunguziwa kazi: anaandika matokeo ya michezo, maneno 60, hadi jaribio lijalo. Hafukuzwi. Walezi wengi hufukuza, na mimi napinga. Ukitazama wanaojiunga na klabu, kila mwaka wamo wawili watatu ambao shule haijawahi kuwapa sababu ya kukaa darasani. Wako nyuma ya darasa wakisubiri kidato cha nne kiishe. Mpe mmoja wao kazi ya kuhesabu madawati, na swali la kumpelekea mwalimu wa taaluma, na siku watu wamesimama mbele ya maneno yake. Ataanza kuuliza asilimia inatafutwaje. Ukimnyang'anya kazi hiyo kwa sababu ya alama, umekata kamba aliyokuwa anaipanda.

Upande wa pili nao una hatari. Yule mwerevu anayeandika habari nne kwa toleo na kusema atasoma likizo, huyo nampa habari moja, hata akinuna. Daraja la kwanza katika mtihani wa kidato cha nne ni pointi 7 hadi 17 katika masomo saba bora, na hakuna pointi ya gazeti humo.

Saa 3:40 usiku

Habari zote zinanakiliwa kwenye kaunta buku la klabu, kwa sababu manila hazidumu muhula mmoja. Kisha sanduku la maoni. Vikaratasi kumi na kitu: sifa, matusi mawili, mchoro wa mpishi, na kimoja kinachosema waliolala bweni hilo wiki hii ni 126, maana sita wamehamishiwa humo Jumanne. Kesho kabla ya paredi mwandishi atahesabu vitanda na kiranja wa bweni. Ikiwa ni 126, lita 21 zinashuka hadi 20 bila ya kikombe, na masahihisho yatabandikwa kwenye manila ile ile ya kwanza, juu, kwa herufi za sentimita moja.