Mapenzi ya kwenye ranchi ya farasi: mahali simulizi zinapoangukia

Siku hizi kwenye magrupu ya simulizi ya WhatsApp hapa Dar, ranchi ya farasi imeingia kwa kishindo. Mwandishi yuko zake Tabata, mhusika wake yuko Montana, Marekani, na kofia pana kichwani, ana deni la benki, ana kaka wasiyesemezana, na mpenzi wake wa zamani kashuka jana kutoka mjini na begi moja. Wasomaji wanatuma hela kwa simu na kuulizia sehemu ya 14. Inaeleweka kwa nini wamezipenda: ardhi ya familia, ndugu kugombea mirathi, mtu aliyekimbilia mjini akarudi mtu mwingine. Hayo hayahitaji maelezo kwa msomaji wa Rufiji wala wa Moshi.

Tatizo liko kwa farasi. Wengi hapa mjini wamemwona akiwa na askari mgongoni, basi. Ukanda wetu una ndorobo, una na ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, kwa hiyo hatukukua na mnyama huyu kama tulivyokua na punda na ng'ombe. Matokeo yake mwandishi anamfanya farasi bodaboda: anampanda, anafika, anamwegesha, sura imekwisha. Kumbe kwenye riwaya hizi farasi ndiye anayepanga ratiba ya wapenzi. Nani akeshe na nani, nani asisafiri, hela iishie wapi, yote hayo yanatoka bandani. Ukiijua kazi ya ranchi hutahangaika kutunga matukio.

Anza na hesabu. Farasi mzima wa kazi ana kilo 450 hadi 550, na kwa siku anakula majani makavu yanayokaribia asilimia 2 ya uzito wake, tuseme kilo 10. Farasi 20 ni kilo 200 kwa siku. Theluji ikifunika malisho miezi mitano, siku 150 mara kilo 200 ni tani 30, na ng'ombe hujawagusa. Majani hayo hukatwa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, yakaanikwa shambani na kufungwa marobota. Mvua ikinyesha wiki isiyotakiwa, mavuno yanaharibika na familia inanunua majani kwa wengine kwa bei ya msimu wa shida. Deni la benki lizaliwe hapo. Msomaji akishaliona ghala liko nusu mwezi wa Oktoba, hana haja ya kuambiwa kwamba mambo ni magumu.

Na kama unataka moto, unao tayari. Majani yakifungwa kabla hayajakauka sawasawa, vijidudu vinaendelea kufanya kazi ndani ya robota, joto linapanda polepole, na ghala linaweza kuwaka lenyewe siku au wiki kadhaa baadaye. Simulizi nyingi humsingizia jirani mwenye wivu aliyekuja usiku na kiberiti. Mimi napendelea moto uliosababishwa na kaka mkubwa aliyeharakisha kufunga marobota ili awahi safari yake. Jirani mwovu unamfunga jela na hadithi inasonga. Kaka itabidi mle naye meza moja.

Kuhusu ardhi, kuna mambo matatu ambayo msomaji wetu atayaelewa vibaya usipomfafanulia. Kwetu mzee akifariki kuna kikao cha ukoo, kuna msimamizi wa mirathi, kuna mahakama ya mwanzo, na daima kuna shangazi. Kwenye majimbo ya magharibi ya Marekani wosia una nguvu sana: mzee anaweza kumwachia ranchi nzima mtoto mmoja, au hata mfanyakazi, na watoto wengine ambao ni watu wazima wakaambulia picha za ukutani. Akiwaachia watatu kwa pamoja bila kugawa, yeyote kati yao anaweza kwenda mahakamani kudai mali igawanywe, au iuzwe wagawane fedha. Dada aliyehamia mjini hana haja ya kuwa shetani. Anadai thuluthi yake, ana mkopo wa nyumba, ana hoja. Huyo anatisha kuliko tajiri wa mafuta mwenye sigara nene.

La pili ni maji. Huko kanuni kuu ni kwamba aliyetangulia kuyatumia ndiye mwenye haki ya kwanza. Ukame ukija, mwenye haki ya karibuni anafungiwa hata kama mto unapita mbele ya mlango wake. Ukitaka familia mbili zichukiane vizazi vitatu, mpe jirani haki ya maji iliyotangulia kwa miaka michache tu. La tatu ni malisho: sehemu kubwa ya nyanda za magharibi ni ardhi ya serikali kuu, na mfugaji huilishia kwa kibali ambacho kwa kawaida ni cha miaka 10. Kwa hiyo shujaa wako anayenyoosha mkono na kusema "yote hii mpaka mlimani ni yangu" pengine anadanganya, na si vibaya bibie akaligundua hilo mapema.

Sasa usiku wa kuzaa. Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo wengi wanaporuka kwa sentensi moja: "Asubuhi walikuta farasi amezaa."

Jike hubeba mimba kwa takribani siku 340, yaani miezi kumi na moja. Mtoto wa Aprili alitungwa Mei ya mwaka uliopita, kwa hiyo hakikisha dume unayemtaja alikuwapo ranchini wakati huo. Siku za mwisho kiwele hujaa na chuchu hutokeza matone yanayoganda kama nta. Majike wengi huzaa usiku, penye utulivu, na hiyo ni zawadi kwako: watu wawili waliogombana mchana wanalazimika kukaa kimya kwenye banda moja na taa hafifu hadi alfajiri.

Maji yakishapasuka, mtoto anatakiwa awe nje ndani ya nusu saa hivi. Ikipita hapo kuna shida. Zinatangulia kwato mbili za mbele, moja mbele kidogo ya mwenzake, nyayo zikitazama chini, na pua imelala juu ya miguu. Nyayo zikitazama juu, huenda ni miguu ya nyuma au mtoto amelala kinyume, na daktari wa mifugo yuko mji wa pili, barabara ina theluji. Hatari kubwa zaidi ni pale ambapo badala ya utando mweupe unatokeza mfuko mwekundu. Maana yake kondo limebanduka kabla ya wakati na mtoto anakosa hewa. Mfuko unachanwa papo hapo, na mtoto anavutwa kila mama anaposukuma, akipumzika mnapumzika. Pale hakuna nafasi ya kuulizana nani alimwacha nani. Mazungumzo yenyewe yawe hivi:

"Tochi. Shusha kidogo. Hapo hapo."

"Mikono inateleza."

"Vua sweta, shikia nalo. Subiri… subiri… haya, sasa."

Hakuna neno la mapenzi hata moja, na msomaji ameshajua hawa wawili hawataachana.

Baada ya hapo kuna saa tatu za kukumbuka: mtoto asimame ndani ya saa 1, anyonye ndani ya saa 2, kondo la nyuma litoke ndani ya saa 3. Kondo likibaki, mama anapata maambukizi, na sumu yake inaweza kuharibu hata kwato zake. Kitovu cha mtoto kinachovywa kwenye dawa ya kuua vijidudu. Dang'a ni suala la uhai, kwa sababu mtoto wa farasi huzaliwa karibu bila kinga yoyote, na utumbo wake hupokea kinga ya mama vizuri katika saa za mwanzo tu. Ikipita siku nzima, hata akinyonya namna gani, kinga haipiti. Kwa hiyo mama akifa wakati wa kuzaa, tukio linalofuata halitakiwi kuwa machozi. Ni gari kuwashwa kwenda ranchi ya wale mahasimu, maana wao wana dang'a kwenye friza.

Kosa linalofuata baada ya hapo karibu kila mara ni lile lile: mtoto aliyezaliwa sehemu ya 6 anapandwa sehemu ya 20, na hadithi nzima ni ya mwaka mmoja. Farasi huanza kufundishwa kubeba mtu akiwa na miaka miwili hadi mitatu. Kabla ya hapo anafundishwa kufuata kamba, kuinua mguu akatwe kwato na kutoogopa turubai. Kama hadithi yako ina haraka, mpe bibie farasi mzee wa miaka 17 mwenye subira.

Mwili wa mnyama nao una masharti yake. Hakuoni ukisimama mbele kabisa ya paji la uso wake, wala nyuma ya mkia. Unamwendea ubavuni, karibu na bega, huku unaongea. Masikio yakilazwa nyuma, rudi. Kwa desturi hupandwa kutoka kushoto. Tandiko la magharibi lina uzito wa kilo 12 mpaka 18, kwa hiyo binti aliyeshuka jana kutoka mjini hawezi kulirusha mgongoni kwa mkono mmoja akitabasamu. Mkanda wa tumboni hukazwa mara mbili, kwani farasi wengi hutunisha tumbo unapoufunga. Unakaza, unamtembeza hatua kadhaa, unakaza tena. Shujaa anayesahau mara ya pili analiona tandiko likizunguka na yeye akiwa juu yake, na hiyo ni sura nzima ya kuchekesha bila gharama. Farasi wa kazi wengi ni waliohasiwa au majike. Dume kamili anayembeba mgeni kwa utulivu mbele ya majike walio kwenye joto la kutaka dume ni ndoto, labda awe amefundishwa sana.

Aina inayotawala ranchi hizi ni Quarter Horse, ambao chama chao kilianzishwa Texas mwaka 1940. Jina linatokana na mbio fupi za robo maili, kama mita 400, na sifa yao ni kuondoka kwa kasi na kugeuka ghafla mbele ya ng'ombe. Basi usimpeleke akashinde mbio kubwa za Kentucky Derby kulipa deni. Zile ni za aina nyingine ya farasi, Thoroughbred, wa miaka mitatu pekee.

Kama lazima mnyama augue, tumia msokoto wa tumbo kabla ya kukimbilia mguu kuvunjika. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo kilichokwama tumboni hakina njia ya kurudi. Anaacha kula, anaparua ardhi, anageuka kutazama ubavu wake, jasho linamtoka, anataka kubingirika. Watu wanamtembeza kwa zamu usiku kucha wakisubiri daktari, japo kumtembeza si dawa, na farasi aliyechoka hoi aachwe alale kama ametulia. Daktari anachoma dawa ya maumivu, anapitisha mrija wa mpira puani hadi tumboni, kisha anasema neno la upasuaji na gharama yake. Hapo ndipo deni la sehemu ya kwanza linarudi, na mtu mmoja anakubali kulipa au anakataa. Huhitaji mhusika mwovu.

Mambo mengine yasikuchoshe. Buti, kofia na mkanda wenye kifungo kikubwa cha chuma vinatajwa mara moja vinatosha. Rodeo, yaani yale mashindano ya kupanda farasi wakali, iwe sehemu moja. Shikamoo kwa mzee wa ranchi wasomaji wanaikubali bila ugomvi, kwani bila hiyo hawaoni nani mkubwa nani mdogo, ila "mai darlingi" kila mstari iondoe. Na faragha iandike ukijua kuna anayesoma kwenye daladala la Gongo la Mboto huku jirani yake akisoma pamoja naye.

Mwisho wa riwaya za aina hii unajulikana: wawili wanabaki pamoja, na msomaji ukimnyima hilo atadai hela yake. Kinachosumbua ni deni. Urithi wa ghafla kutoka kwa mjomba asiyejulikana usiuguse. Farasi wa mwaka mmoja wanaweza kuuzwa kwenye mnada wa vuli. Dada wa mjini anaweza kununuliwa sehemu yake kwa awamu, kwa mkataba wa maandishi. Njia nyingine inayotumika kweli huko ni familia kuuza haki ya kujenga: wanalipwa ili ardhi isikatwe viwanja milele, wao wanabaki nayo na malisho yao, na sharti linawafunga hata wanunuzi wa baadaye. Yoyote utakayoichagua, itaje kwa mara ya kwanza kabla ya sehemu ya 10, hata kwa barua moja iliyoachwa mezani bila kufunguliwa.